Kuandaa Msimu wa Maigizo ya Kijamii Nairobi: Kutoka Swali la Mtaa Hadi Ombi kwa Kaunti

Kikundi cha maigizo kinapofika mtaani mara moja, kikaigiza kuhusu shida ya maji, kikapigiwa makofi na kupanda matatu kurudi mjini, mama aliyekuwa amekaa mstari wa mbele hurudi nyumbani kwenye mtungi uleule mtupu. Msimu wa maigizo ni kazi ya namna nyingine. Ni muda wa miezi kadhaa ambao ukumbi mmoja na kikundi kimoja hulishika swali moja na kulirudia mbele ya watu walewale kwa michezo, warsha, matembezi na midahalo, hadi swali hilo litoke ukumbini na kufika mezani pa wenye mamlaka ya kulijibu. Maelekezo haya yameandikiwa vikundi vya Nairobi, hasa vinavyofanya kazi Eastlands, Kibera, Mathare na mitaa inayofanana na hiyo, pamoja na wasimamizi wa kumbi za kijamii wanaotamani kumbi zao zitumike kwa jambo zaidi ya harusi na mikutano ya kampeni. Mfano nitakaoutumia ni maji, kwa sababu kila nyumba jijini ina neno la kusema juu yake, na kwa sababu Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha.

Hatua ya kwanza: Tafuteni swali kabla ya kuandika mchezo

“Maji” ni mada tu. Swali ni hili: kwa nini mtungi wa lita 20 huuzwa kwa bei moja asubuhi na kwa bei nyingine jioni, na ni nani anayeamua? Mada huzaa hotuba, ilhali swali huzaa mchezo, kwa kuwa ndani yake tayari mna watu wawili wasiokubaliana.

Swali la namna hiyo halipatikani kwa kukaa mezani. Tengeni wiki tatu nzima za kusikiliza kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Gawaneni wawili wawili. Baadhi yenu wapange foleni kwenye kioski cha maji alfajiri, wengine waandamane na wasukuma mikokoteni hadi kwa wateja wao, na wengine wakae na fundi wa mabomba, mwenye nyumba za kupangisha, mama wa hoteli ndogo ambaye hawezi kuinjika sufuria bila maji, na mwenye kioski mwenyewe. Msiende na fomu, kwa sababu mtu akiona fomu hutoa jibu analodhani mwenye fomu analitaka. Mwulizeni jambo moja tu: “Mara ya mwisho maji yalipokatika, ulifanya nini siku hiyo?” Kisha nyamazeni. Kisa cha siku moja, kikisimuliwa na aliyeiishi, hubeba bei, saa, majina ya njia, hasira na mbinu ambazo hakuna mwandishi angeweza kuzibuni.

Nasisitiza wiki hizo tatu kwa sababu niliwahi kuziruka. Katika msimu wetu wa kwanza tulifika mtaani na mchezo uliokwisha kuandikwa, na mhusika mbaya ndani yake alikuwa mwuza maji mwenye tamaa. Onyesho lilipokwisha, mwanamke mmoja alisimama akasema kwa sauti ya upole kwamba yeye ndiye anayeuza maji katika njia ile, kwamba bomba lake hukatwa usiku na watu asiowajua, kwamba hulipia marekebisho kutoka mfukoni mwake, na kwamba tulikuwa tumewapa majirani zake sababu mpya ya kumchukia. Hatukuwa na jibu. Tuliuandika upya mchezo ule karibu wote, na yeye ndiye aliyetueleza jinsi bei inavyopanda kutoka bomba kuu hadi mlangoni.

Baada ya kusikiliza mtaani, lifuateni jambo lenyewe hadi linakoanzia. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang’a, ambalo lina ujazo wa lita bilioni 70. Kampuni ya maji ya kaunti ndiyo husambaza. Na bei rasmi haiwezi kubadilishwa bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji. Mwandishi anayeijua safari hiyo yote ataona kwamba kati ya bei iliyoidhinishwa na bei anayolipa mpangaji wa chumba kimoja mna mikono mingi, na mchezo wake utahusu mikono hiyo, badala ya kumbebesha mtu mmoja lawama zote. Wiki ya tatu inapokwisha, iteni watu wote mliozungumza nao, wasomeeni maswali matatu au manne mliyoyakusanya, na waacheni wao wachague moja. Liandikeni kwa herufi kubwa na kulitundika ukutani mwa ukumbi, libaki hapo msimu wote.

Hatua ya pili: Someni kalenda ya mvua na kalenda ya bajeti kwa pamoja

Vikundi vingi hupanga tarehe kwa kuangalia ukumbi uko wazi lini au mfadhili ametoa fedha lini. Tarehe za namna hiyo hukosa nguvu. Nairobi hupata mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei na mvua fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba, hivyo Januari na Februari ni miezi mikavu ambayo uwanja wa wazi unatumika bila hofu na habari ya maji imo vinywani mwa watu. Miezi hiyohiyo ndiyo kaunti inapoamua fedha ziende wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata nao huwasilishwa kabla ya Septemba 1.

Kwa hiyo, sikilizeni Oktoba na Novemba. Andikeni Desemba, wakati wengi wamekwenda mashambani kwao. Fanyeni mazoezi Januari. Onyesheni kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi. Pelekeni ombi mwanzoni mwa Aprili. Kisha rudini mtaani Agosti. Mchezo unaoonyeshwa Juni kuhusu bajeti iliyokwisha kupitishwa huwaachia watu uchungu peke yake.

Mna mambo mengine mawili ya kuangaliwa. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, na 2026 ilianza katikati ya Februari. Kwa hiyo Pumwani, Majengo na Eastleigh onyesho lolote la mwezi huo limalizike mapema, watu wawahi nyumbani kufuturu. Pia uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na kadiri siku hiyo inavyokaribia ndivyo wagombea watakavyojitolea kulipia hema, viti na fulana. Kataeni kwa heshima na kwa maandishi. Kikundi kilichovaa fulana ya mgombea mmoja hakitaaminiwa tena na nusu ya mtaa.

Hatua ya tatu: Andikeni michezo mifupi na fungueni milango ya mazoezi

Badala ya tamthilia moja ya saa mbili, andikeni michezo mitatu ya dakika 35 hadi 40, yenye wahusika walewale, itakayoonyeshwa mahali palepale kila baada ya wiki mbili. Kila mmoja ukatike pale fundo lilipokaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya Kenya vilivyoigiza kuhusu Ukimwi vilifanya hivyo katika mtindo uliojulikana kama maigizo ya magneti: watu waliondoka na tatizo ambalo halijatatuliwa, wakalijadili nyumbani na vibarazani, wakarudi kwa hamu. Wiki mbili hizo katikati ni sehemu ya onyesho, na mara nyingi ndizo sehemu bora zaidi.

Mazoezi yafanywe milango ikiwa wazi. Kwa hili hatuhitaji kuangalia mbali, kwa sababu somo liko Limuru, mwendo mfupi kutoka jijini. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, wakishirikiana na waandishi Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mirii, walijijengea jukwaa la wazi na kuutengeneza mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, mbele ya macho ya kila aliyetaka kutazama. Wafanyakazi wa mashambani na viwandani waliwarekebisha waandishi kuhusu lugha, nyimbo na hali halisi ya kazi zao. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, serikali ikaondoa kibali Novemba, na kabla mwaka haujakwisha Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ninapowaeleza waigizaji vijana habari hii, wengi huuliza kilichotisha ni nini hasa, na jawabu langu ni kwamba watu walikuwa wameacha kuwa watazamaji muda mrefu kabla ya siku ya kwanza ya onyesho.

Kuhusu lugha, waigizaji waseme kama wahusika wao wanavyosema. Hamali wa mkokoteni anayezungumza Kiswahili cha taarifa ya habari haaminiki, na karani wa ofisi ya maji anayezungumza Sheng haaminiki vilevile. Ile tofauti ya lugha kati yao kwenye dirisha la ofisi ni sehemu ya hadithi. Mwekeni pia mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kando ya jukwaa, mahali penye mwanga, na mshirikisheni tangu mazoezini ili ajue mchezo unakoelekea.

Hatua ya nne: Mahali, taarifa na matangazo

Anzeni mtaani, mmalizie mjini. Jumba la Kitaifa la Maigizo lililoko barabara ya Harry Thuku, lililofunguliwa 1952, ni mahali pa heshima pa kufungia msimu, lakini nauli ya kwenda na kurudi kwa familia ya watu watano ni gharama ya chakula cha siku. Kumbi za kijamii za Kaloleni na Pumwani zina historia ndefu ya mikutano ya wakazi, na uwanja wa Kamukunji ulioko Kibera unajulikana na kila mtu. Chagueni mahali ambapo watu tayari hupita kwa miguu.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii, na nakala yake iwe ndani ya faili lenu. Hata hivyo, mpeni taarifa ya maandishi mkuu wa kituo cha polisi, mkamjulishe na chifu na wazee wa mtaa. Kama mtakuwa na msafara barabarani, Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka taarifa hiyo itolewe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tukio. Bakini na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Mkitumia wimbo au tamthilia ya mtu mwingine, ombeni ruhusa, kwa kuwa hakimiliki nchini huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi.

Matangazo bora ni ngoma njiani saa moja kabla ya kuanza, pamoja na redio za jamii kama Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho.

Hatua ya tano: Zungusheni shughuli nyingine kandokando ya mchezo

Shughuli yenye manufaa kuliko zote niliyoiona ni matembezi ya kulifuata bomba. Jumamosi asubuhi, watu 20 hadi 25 hutembea pamoja na fundi kutoka kwenye bomba kuu hadi kioski cha mwisho, wakisimama kila palipopasuka, kila palipounganishwa na kila palipo na mtaro wa majitaka unaopita karibu. Kijana mmoja huchora ramani, na ramani hiyo hutundikwa ukumbini karibu na swali. Mtu akishauona kwa macho yake mpira wa plastiki ukipita ndani ya mtaro, hatahitaji mhusika wa jukwaani kumweleza kipindupindu huingiaje. Kwa watoto, andaeni alasiri ya hadithi na vikaragosi. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni mahali pazuri ikiwa wasimamizi watakubali. Kaeni pia na wanawake peke yao angalau mara moja, kwa kuwa yapo mambo kuhusu kuchota maji usiku ambayo hayatasemwa mbele ya waume, majirani na watoto.

Hatua ya sita: Siku ya onyesho na mjadala wake

Saa tisa alasiri ni saa nzuri Jumamosi na Jumapili pia, kwa sababu ibada nyingi zimekwisha, na mkimaliza saa kumi na moja na nusu watu wanafika makwao kabla ya giza na kabla ya nauli kupanda. Pangeni viti na mikeka kwa duara. Wazee na wenye ulemavu wapewe nafasi ya karibu, na wanasiasa wakae walipo wengine. Hakuna hotuba kabla ya mchezo. Mwakilishi wa wadi akifika, mkaribisheni vizuri, mwelezeni kwamba atapewa dakika tano za mwisho baada ya kuwasikiliza watu, na msiibadilishe ahadi hiyo hata akiwa na haraka.

Mchezo ukifika penye fundo, hapo ndipo kazi inapoanza. Mbinu ninayoipendekeza ni ile iliyokuzwa na Mbrazili Augusto Boal (1931–2009): tukio huigizwa mara ya kwanza hadi mwisho wake mbaya, kisha huanzwa upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusema “Simama!”, akaingia jukwaani kuchukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji waliobaki hawamrahisishii. Karani aendelee kuwa karani, mwenye nyumba aendelee kutaka kodi yake, ili kila mtu aone njia ile inafika wapi na inakwama wapi. Msimruhusu mtu abadilishe moyo wa mwenye nguvu kwa muujiza. Karani akigeuka ghafla kuwa mwema, hakuna aliyejifunza kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi.

Yote haya humtegemea mwezeshaji, na ningemchagua kwa uangalifu kuliko mwigizaji mkuu. Awe mtu wa mtaa huo au aliyeishi humo, anayeweza kustahimili ukimya wa nusu dakika bila kuujaza kwa maneno yake. Asiulize “Mmejifunza nini?”, kwa kuwa swali hilo huwageuza watu wazima kuwa wanafunzi. Aulize “Nani amewahi kusimama pale aliposimama huyu?” Wanaume wakishika mjadala, kama inavyotokea mara nyingi, aseme waziwazi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wanawake. Nyuma ya duara akae mtu mwenye daftari, aandike kila pendekezo kwa maneno ya aliyelisema, bila kulisafisha. Daftari hilo ndilo litakalokuwa ombi lenu.

Jambo la usalama halina mjadala. Visa vya kweli vibadilishwe jina, kazi na njia hata jirani asimtambue mhusika, na mwenye kisa asome au asikie sehemu yake kabla haijaonyeshwa. Awepo mshauri nasaha atakayekaa kando, kwa kuwa mchezo kuhusu maji unaweza kumfungua mtu kilio cha ubomoaji. Wakazi wa Mathare waliopoteza nyumba Aprili na Mei 2024, kwa mafuriko na kisha kwa agizo la kuhama ndani ya mita 30 kutoka mtoni, bado wamo miongoni mwa hadhira yenu. Nambari ya simu 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto zibandikwe mlangoni. Picha zipigwe kwa idhini, na za watoto kwa idhini ya mzazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Hatua ya saba: Fedha

Kiingilio mtaani kiwe bure. Waigizaji walipwe kwa kila siku ya mazoezi na si kwa maonyesho pekee, na wakazi waliotoa siku zao kukusanya visa walipwe kama watafiti. Watazamaji wasilipwe nauli ili waje kukaa, hata kama wamezoeshwa hivyo na mikutano mingine. Ukumbi uliojazwa kwa posho hukupa makofi bila kukupa ukweli. Mwishoni mwa kila onyesho, tangazeni hadharani kilichotumika.

Hatua ya nane: Ombi, kisha kurudi

Boal mwenyewe, alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, aliyachukua mapendekezo yaliyotoka katika maigizo ya mitaani akayapeleka katika baraza la jiji, na sheria 13 zikapatikana kwa njia hiyo. Sisi tuna mlango ambao hauhitaji tuwe na diwani wetu: Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataja wazi haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti.

Katika onyesho la mwisho, fungueni daftari na wasomeeni watu mapendekezo yote. Waacheni wachague mawili, si kumi. Ombi lenye kurasa mbili, ramani ya matembezi na sahihi za wakazi, linalotaja kioski gani, bomba gani na bajeti ya mwaka gani, ni gumu kuwekwa kando kuliko risala ya kurasa 20 inayodai haki za binadamu kwa jumla. Watu watatu waliochaguliwa na mtaa, wala si kikundi, ndio walipeleke kwa karani wa bunge la kaunti na kurudi na nakala yenye mhuri.

Nakala hiyo itundikwe ukutani pembeni mwa swali la kwanza, pamoja na tarehe ya onyesho la Agosti. Siku hiyo waigizaji warudi na wahusika walewale, waigize yaliyotokea tangu Aprili kama yalivyotokea: barua iliyojibiwa au isiyojibiwa, bomba lililorekebishwa au lililoachwa, afisa aliyefika au aliyetuma udhuru. Kisha mwezeshaji amgeukie mama wa mstari wa mbele na kumwuliza bei ya mtungi asubuhi hiyo.